Neno Nililomsingizia Mungu wa Mtaa

Wasomaji mmenitukana wiki nzima, na mna haki. Mama mmoja ameliandikia gazeti kwamba mkwe kama mimi hafai hata kukabidhiwa ufagio. Dada yangu, usimalize matusi yote. Bado hujasikia.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni Pei-chun, mke wa Tsung-han, mama wa A-heng. Tunakaa hapa Tainan, kwenye kichochoro nyuma ya hekalu la Ong-ia, mungu wa mtaa wetu, nyumba moja na mama mkwe wangu, ambaye mwanangu humwita A-ma, yaani bibi. Mwaka jana nilitaka A-heng aanze darasa la kwanza katika ile shule ya nje ya mji inayofundisha kwa Kichina na Kiingereza, ambako mtoto hapewi jibu, anafundishwa kuuliza. A-ma alitaka aende shule ya mtaani alikosoma baba yake, yenye mitihani na mazoezi ya kurudi nayo nyumbani. Tulibishana mpaka uji wa samaki ukapoa mezani. Mwishowe tukakubaliana aamue mungu.

A-ma alikuwa na msiba wa dada yake, na mwenye msiba haingii hekaluni. Akabaki ng'ambo ya barabara na mwavuli wake. Nikaingia peke yangu.

Ong-ia hujibu kwa vibao viwili vya mbao, tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Unapiga magoti, unasema shida yako, unavirusha sakafuni. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anakucheka. Akikubali mara tatu mfululizo, neno limepita.

Mimi alinicheka. Akanikataa. Akanicheka tena. Mtu mwenye haya angeinuka akaenda zake. Mimi nilirusha mpaka bega likauma, mpaka nadhani mungu mwenyewe akachoka na kunipa tatu zangu nimpishe.

Hapo ndipo kisa kilipoishia wiki iliyopita, na hapo ndipo mliponitukana. Sasa pokeeni lililobaki, ambalo hata mume wangu halijui. Yeye gazeti hili hulifungulia kurasa za michezo tu.

Nilitoka nje. A-ma akanijia mbio mbio na magoti yake mabovu.

"Kasemaje?"

"Amekubali, Mama. Mara tatu."

Akageukia hekalu, akainamisha kichwa pale pale barabarani, pikipiki zikimpigia honi.

"Basi. Ong-ia akishasema, mimi ni nani?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno ya akiba ya siku mbili. Na yeye akakubali kirahisi hivyo, kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai.

Tamaa ikanipanda. Wiki ile, saluni, nilikuwa nimesikia kwamba mtoto akitiwa lugha tatu kichwani anakuwa kigugumizi. Na nyumbani kwetu lugha ilikuwa moja, Kitaiwani, ya A-ma. Ndiyo aliyomlelea A-heng tangu akiwa mgongoni. Kuimba, kugomba, kusengenya majirani, vyote Kitaiwani.

"Na kuna lingine," nikasema. "Nilimuuliza na la pili. Kwamba mtoto asisikie Kitaiwani tena nyumbani, ila Kichina na Kiingereza tu. Nalo amelikubali. Mara tatu."

Sikumuuliza. Sikurusha hata kibao kimoja kwa ajili ya neno hilo. Nililitunga pale pale, kati ya mlango wa hekalu na mwavuli wa A-ma.

Akaufunga mwavuli, ingawa jua lilikuwa kali.

"Kichina changu kibovu," akasema.

"Utazoea, Mama."

"Uzee huu?"

"Mtoto atakufundisha."

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu."

Shule ile huwapata watoto kwa kura, na siku ya kuchota, jina la A-heng likatoka. A-ma akapeleka matunda hekaluni kushukuru. Kwa neno langu la uongo, mungu akala mapapai ya watu.

Nisiisingizie shule, nimeshasingizia vya kutosha. Shule ilikuwa nzuri kuliko nilivyoota. Mimi nilikulia kwenye shule ya kukariri, na tangu darasa la kwanza mpaka namaliza sikuwahi kunyoosha mkono kuuliza. Mwanangu alirudi nyumbani na matope magotini, akaniuliza kwa nini sisimizi hawagongani. Nilikwenda bafuni nikalia kwa furaha.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. A-ma alishika amri ya mungu kama askari. Kichina chake kilikuwa maneno matatu: kula, oga, lala. Akawa anamwambia mjukuu wake hayo matatu tu. Mwanzoni A-heng alimkimbilia na hadithi zake kwa Kitaiwani, naye A-ma alifunga mdomo kwa kiganja na kutikisa kichwa. Baada ya muda mtoto akaacha kukimbilia. Jioni wanakaa kochi moja, katikati nafasi ya mtu mzima, wanatazama televisheni.

Mimi niliyaona hayo kila siku nikikaanga mboga. Nilijiambia watazoea. Uongo ukishauzaa, utaulea tu.

Basi, mwezi uliopita A-heng akarudi ametabasamu mpaka masikioni.

"Mama! Mwalimu Fang amelikubali swali langu."

Pale shuleni, kila mtoto wa darasa la pili huchagua swali moja la kwake. Hulitafutia jibu, kisha husimama mbele ya wazazi wote akaeleza alivyolipata.

"Hongera, baba. Swali gani?"

"Kwa nini A-ma ameacha kuongea na mimi."

Mwiko ukaniponyoka, ukaingia kwenye mchuzi.

"Hilo si swali la shule," nikasema.

"Mwalimu kasema ndilo zuri kuliko yote."

"Uliza kwa nini samaki wetu wana miba mingi. Watu wa Tainan wote wanataka kujua."

"Hilo si langu, Mama. Langu ni hili."

Nikamgeukia baba yake, aliyekuwa anavua viatu mlangoni. "Tsung-han, sema na mwanao."

"Niseme nini? Si wewe ulitaka mtoto anayeuliza?" Akacheka. "Umempata. Mjibu."

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Fang. Ni msichana mdogo, kiatu cha mpira, nywele kama amelalia. Nikamwambia swali lile ni la ndani ya nyumba, na watu wazima wana mambo yao.

"Mama A-heng, kwani nyumbani hamuongei Kitaiwani?"

"Tuliacha."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya shule."

"Shule ipi?"

"Hii, Mwalimu. Si mnataka lugha mbili?"

Aliniangalia kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma kuelekea mtaroni.

"Kwenye kikao cha kwanza cha wazazi tuliwasihi msiache lugha ya bibi na babu. Tulisema ndiyo msingi, hizi nyingine zinajengwa juu yake. Nilisema mimi mwenyewe. Hukuwepo?"

Nilikuwepo. Yaani, nilikuwepo koridoni. Wakati Mwalimu Fang anasema hayo, mimi na akina mama wenzangu tulikuwa nje tunapeana kwa siri namba ya simu ya mwalimu wa tuisheni. Tuisheni ya mitihani, kwa watoto wa shule isiyo na mitihani. Tulihangaika miezi kadhaa kuikimbia shule ya kukariri, na siku ya kwanza tukaanza kumtafuta wa kuwakaririsha. Cheka tu. Mimi siwezi tena.

"Labda nilikuwa msalani," nikamwambia.

"Basi habari njema," akasema. "Hakuna kinachowazuia. Kaongeeni."

Habari njema! Nilirudi nyumbani miguu mizito. Ningemwambia nini A-ma? Kwamba Ong-ia amebadilisha mawazo kwa simu?

Nilipofika, mahojiano yalikuwa yameanza. A-heng amemkalisha bibi yake kwenye kiti cha plastiki uani.

"A-ma, kwa nini huongei na mimi?" akamuuliza kwa Kichina, taratibu, kama anavyoongea na mgeni.

A-ma akanitazama. Nikajitia kuanua nguo kwenye kamba.

"Mungu," akasema kwa Kichina cha kuokoteza. "Mungu… sema… hapana."

"Ulimsikia?"

Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi. "Mama. Rusha."

A-heng akaja kusimama mbele yangu. Shati la baba yake lilikuwa mikononi mwangu, nalikunja na kulikunjua.

"Mama, uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Vibao vililala vipi?"

"Kimoja chali, kimoja kifudifudi."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, A-heng. Niache nifanye kazi."

Mtazame mtoto wa watu anavyoniuliza kwa adabu, nami namtazama usoni na kumwongopea. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Yangu ilikuwa imeishia ukutani, na bado nilikuwa naisukuma.

"Sawa," akasema. "Ila Mwalimu Fang anasema jibu la kuambiwa unalikagua. Twende tukamuulize Ong-ia tena."

"Mungu hajaribiwi!" nikapaza sauti, kusudi A-ma asikie. "Si ndiyo, Mama? Mungu akishasema, amesema. Kumrudia ni utovu wa adabu."

Nilikuwa na hakika ataniunga mkono. Huyu ndiye mwanamke asiyekata kucha bila kutazama kalenda ya siku njema.

A-ma akainuka kwenye kiti, ameshika kiuno.

"Kumjaribu ni vibaya," akaninong'oneza kwa Kitaiwani, mtoto asisikie. "Kumbembeleza si vibaya. Mwaka umepita. Mtoto ameshashika masomo. Labda Ong-ia ananihurumia." Kisha akasema, kwa sauti ya kuona aibu: "Nimemkumbuka sana, Pei-chun. Yuko hapa hapa na nimemkumbuka."

Nikaziingiza nguo ndani, nyingine bado mbichi.

Jumamosi asubuhi tukaenda wote watatu. Msiba wa A-ma ulikuwa umepita, akaingia mlango wa kulia kama kawaida, amevaa blauzi yake ya harusi za watu. Hekalu lilikuwa na waumini wachache na mzee mmoja anafagia majivu ya ubani. Mimi nilikuwa naomba moyoni, na nilichoomba mnisamehe: nilimwomba Ong-ia akatae. Akikataa, uongo wangu unageuka ukweli na kila mtu analala.

A-heng akapiga magoti. Bibi yake akamfundisha kwa ishara: kwanza jina lako, siku ya kuzaliwa, unapokaa, ili mungu ajue anaongea na nani. Mtoto akasema vyote kwa sauti, mpaka namba ya mlango.

"Ong-ia, naomba A-ma aongee na mimi lugha yake. Unakubali?"

Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Akarusha tena. Amekubali.

A-ma alikuwa ameshika nguzo. Mara ya tatu kimoja kilizunguka kama pia, kikayumba, kikalala kifudifudi. Mwenzake alikuwa chali.

Mimi nilihitaji bega zima kuzipata tatu. Mtoto alizipata bila hata kukunja mkono wa shati.

A-ma akamwinua, akamshika mashavu, na Kitaiwani kikamtoka kama maji ya bomba lililofungwa mwaka mzima. "Kipenzi changu, kitoto changu, mbona umekonda, umekula? Eti, umekula?"

A-heng akafungua kinywa. Akakifunga. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kichina:

"Mama, 'nimeshiba' kwa Kitaiwani inasemwaje?"

Nikamwambia. Akalirudia kwa bibi yake, na alilisema vibaya, kama Mzungu.

Tabasamu la A-ma likakaa kidogo, kisha likashuka. Alimtazama mjukuu wake. Akamtazama Ong-ia juu pale, uso mweusi kwa moshi wa miaka. Mwisho akanitazama mimi, na hakuharakisha.

"Pei-chun."

"Abee, Mama."

"Mwaka jana alitaka mtoto asisikie lugha yangu. Mara tatu."

"Ndiyo."

"Leo anataka aisikie. Mara tatu. Nimemwabudu Ong-ia tangu nilipoolewa mtaa huu. Ni mkali, ni mkaidi, ana deko. Lakini si kinyonga."

"Labda kakuhurumia, Mama. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema." Akaokota vile vibao sakafuni, akaguna kwa maumivu ya magoti, akaviweka viganjani mwangu na kunifunga vidole. "Piga magoti. Muulize mbele yangu. Muulize kama siku ile lile neno la pili ulimpelekea au hukumpelekea. Rusha mara moja tu, swali kama hili halihitaji tatu."

"Mama, mbele ya mtoto?"

"Mtoto ndiye aliyepoteza. Akae asikie."

A-heng alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama anavyowatazama sisimizi.

Nikapiga magoti. Nikasema jina langu, siku yangu, namba ya mlango wetu. Sauti ilikuwa yangu na sikuitambua.

"Ong-ia. Mwaka jana… neno la pili nilikuletea?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nafasi ilikuwepo, pana kama uwanja. Badala yake nikarusha.

Kimoja kikalala mbele yangu, chali. Cha pili kikagonga tofali, kikaruka, kikabingirika mpaka chini ya meza ya sadaka, nyuma ya kitambaa chekundu.

"Kiko wapi?" A-ma akauliza. Magoti yake hayamruhusu kuinama.

"Nakifuata mimi," akasema A-heng, akaingia kwa tumbo chini ya meza.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kichwa karibu na sakafu. Kitambaa kilikuwa kimejikunja pembeni, nikaona. Kibao kilikuwa kimelala chali. Vyote viwili chali. Ong-ia alikuwa ananicheka.

Hata mtoto wa chekechea hapa mtaani anajua maana yake.

"Umekiona?" A-ma akaita.

"Nimekiona."

"Kimelalaje?"

A-heng aligeuza shingo kule gizani, akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Najua nilichokuwa nacho: hofu, hofu tupu, ya mtu mzima anayemwomba mtoto wake bila kufungua mdomo.

Akanyoosha mkono. Kwa kidole kimoja, taratibu, akakipindua.

"Kifudifudi, A-ma," akasema. "Mungu kasema ndiyo. Mama alimuuliza kweli."

Akatoka na vumbi puani. Hakunitazama tena.

A-ma alishusha pumzi ndefu. Akanishika chini ya kwapa kuniinua, mzee yule na magoti yale, machozi yakimshuka.

"Nisamehe, mwanangu," akaniambia. "Nilikushuku mbele ya mungu na mbele ya mwanao. Nisamehe."

Mwanangu alisimama pembeni, anasubiri kusikia nitamjibu nini.